Malenga Kwanza ni Msomaji

Kila malenga anapoketishwa mbele ya kinasasauti, ikiwa ni redioni au katika hafla ya kutunukiwa, swali la kwanza analoulizwa ni lile lile: kipaji hiki umekipata wapi? Naye, kwa adabu na unyenyekevu unaompasa mwenye fani, aghalabu hujibu ya kwamba ni karama aliyojaliwa na Mwenyezi Mungu, au ya kwamba babu yake alikuwa mtunzi, au ya kwamba maneno humjia usiku wa manane watu wamelala. Mwulizaji hutosheka, wasikilizaji hupiga makofi, na kijana aliyetega sikio kwa shauku ya kujifunza huondoka mikono mitupu, kwa sababu karama haiazimwi, babu hachaguliwi, na kukesha peke yake hakujapata kumfanya mtu kuwa mshairi. Lau angeulizwa amesoma nini, na alimsoma nani kwanza, na ni shairi gani alilolikariri hata likawa halimtoki kichwani, jibu lingekuwa refu zaidi na lenye faida zaidi.

Rai yangu ni hii: malenga ni msomaji kwanza, na mtunzi baadaye, na tungo nyingi zinazotuchosha siku hizi, zenye vina vilivyotimia na mizani iliyokamilika ilhali ndani yake hamna neno, hazitokani na uhaba wa vipaji bali zatokana na uhaba wa vitabu. Wako watakaoona ya kuwa rai hii yawavunjia washairi heshima, kana kwamba kumwambia mtu amejifunza ni kumwambia ameiba. Kwa ajili ya hao nitaieleza kwa njia ya mtu ambaye hapana anayethubutu kukitilia shaka kipaji chake, naye ni Shaaban Robert.

Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, katika ukoo wenye asili ya Uyao. Hakuzaliwa Lamu, wala Pate, wala Mvita, yaani Mombasa, miji ambayo mtoto husikia tenzi kabla ya kujua kutembea. Skuli alisomea Dar es Salaam, tangu mwaka 1922 hata 1926, na alipotoka huko akaajiriwa forodhani, akawa karani wa serikali ya kikoloni; Pangani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, baadaye akahamishiwa Mpwapwa, na mwishowe akarudi Tanga kutumika katika ofisi ya wilaya na ile ya upimaji ardhi. Utumishi huo ulipindukia miaka 30. Alipofariki mwaka 1962, umri wake ukiwa umepita hamsini kwa miaka michache tu, aliacha vitabu zaidi ya ishirini, na baadhi yake, kama vile Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, havikuwahi kutolewa yeye yu hai.

Mtu akiyapima maisha hayo hana budi kujiuliza, aliandika saa ngapi? Hapakuwa na ruzuku ya waandishi, wala likizo ya utunzi, wala mfadhili wa kumlipia pango. Mchana ulikuwa wa serikali. Kwa hiyo kilichobaki ni jioni, usiku, na siku za mapumziko, na hizo nazo zilikuwa na wenyewe, kwa kuwa alikuwa mume, na baba, na jamaa wa watu. Wengi huyataja mambo haya kwa masikitiko, wakisema ya kwamba ofisi ilimwibia malenga nusu ya maisha yake. Mimi sikubaliani nao kabisa. Karani wa forodha hushinda akiandika jina la chombo na nahodha wake, idadi ya magunia, uzito, thamani, ushuru uliolipwa na ushuru uliobaki, na akikosea tarakimu moja asubuhi, hesabu nzima humgeuka jioni. Alama ya mkono huo naiona katika nathari yake: sentensi zake huja jozi jozi, sifa ikikabiliwa na kinyume chake, fadhila ikiandikwa mkabala na ila, kama daftari yenye safu ya mapato upande huu na safu ya matumizi upande wa pili. Wapo wanaochoshwa na mtindo huo, na siwalaumu, maana upo ukurasa katika kitabu chake Kusadikika ambao mizani ya maneno imezidi uzito wa habari. Lakini mtindo ule si wa mtu aliyengoja kushukiwa na maneno. Ni wa mtu aliyezoea kuketi mezani saa ileile kila siku, apende asipende.

Anayetaka kumwona akiwa katika maisha hayo, na asimwone katika picha ya ukutani tu, na azitafute barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hata 1958, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi alizihariri na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazitoa mwaka 2002. Humo malenga ni ndugu anayemwandikia ndugu, mwenye kushughulishwa na watu wa nyumbani kama anavyoshughulishwa na miswada yake. Nastaajabu ya kwamba katika skuli zetu vitabu vyake hutahiniwa mwaka baada ya mwaka, na barua hizi, ambazo zingemwonyesha mwanafunzi jinsi kazi inavyofanyika, hazitajwi hata kwa bahati.

Tuje sasa kwenye usomaji wake, na nitachukua kitabu kimoja ili tukitazame kwa karibu. Katika Alfu Lela Ulela mna hadithi ya Abdalla bin Fadhili, liwali wa Basra, ambaye kila usiku huwapiga mijeledi mbwa wawili, kisha huwabembeleza kwa machozi na kuwalisha kwa mkono wake mwenyewe. Siri hiyo humfikia Khalifa Harun Rashid, naye anapomtaka liwali aeleze, hubainika ya kuwa mbwa wale ni ndugu zake, waliomhusudu na kumtosa baharini, na wakageuzwa mbwa kwa adhabu ya majini. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ni hadithi hiyo hiyo. Khalifa amekuwa Mfalme Rai, Basra imekuwa Janibu, liwali ni Adili, na mji wa watu waliogeuka mawe upo vilevile. Mtu mwenye haraka atasema, basi amenakili. Lakini na atazame ni nini kilichobadilishwa. Katika Kiarabu ndugu wale wana majina mema, Nasiri na Mansuri, na msomaji hutembea nao kwa amani hata anapofikia hiana yao. Shaaban Robert amewaita Hasidi na Mwivu tangu ukurasa wanaozaliwa, akaivunja makusudi taharuki ya hadithi, kwa kuwa hakutaka msomaji wake ajiulize ni nani mbaya, alitaka aitazame husuda inavyofanya kazi hatua kwa hatua ndani ya mtu ambaye hali yake yajulikana.

Aidha mbwa wamekuwa manyani. Badiliko hilo ni dogo machoni, lakini kwangu mimi ndilo lenye utunzi wote. Mbwa, katika nyumba ya Mwislamu wa Tanga, ni mnyama wa nje, na kuketi naye kwenye sahani moja kungemkirihi msomaji kabla hajamhurumia. Nyani anajulikana na kila mwenye shamba la mahindi, ni mwizi, ni mjanja, ana mikono na vidole, hukaa kitako na kumtazama mtu uso kwa uso, na mjeledi unapomwangukia hulia kwa namna inayomfanya anayesikia ageuke. Aliyefanya badiliko hilo aliisoma hadithi mpaka akaijua kuliko msimulizi wake, kisha akaihamisha kutoka mto wa Basra akaileta mahali ambapo watu wanalinda mashamba. Hicho ndicho ninachokiita kusoma. Si kupitisha macho, wala si kuhifadhi kwa ajili ya mtihani, bali ni kuingia katika kazi ya mwingine hata ukajua kila msumari umepigiliwa kwa sababu gani, na upi ungeweza kuung'oa nyumba isianguke.

Mwaka huo huo wa 1952 alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili. Tafakari msafara wa tungo zile: Mwajemi wa Nishapur, mnajimu na mwanahisabati aliyefariki mwaka 1131, ambaye rubai zake Mwingereza Edward FitzGerald alizigeuza na kuzitoa London mwaka 1859, kwa uhuru uliowafanya wajuzi wa Kiajemi wanung'unike mpaka leo, kisha karani wa Tanga anazipokea kwa njia ya Kiingereza hicho na kuzitia katika lugha yake. Mwenye kupenda kisa cha kipaji kinachoshuka kutoka mbinguni na atueleze ni kipaji gani kilichomlazimu Mwislamu mcha Mungu, mwandishi wa maadili asiyechoka kuusia, kukaa na mshairi wa mvinyo, wa shaka na wa starehe ya leo. Sababu niionayo mimi ni kwamba msomaji wa kweli huwapenda hata wale asiofanana nao, na pengine hao zaidi. Siku ya pili mwusia huyo huyo akageukia Unguja, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958, habari za mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu kwa miguu kabla sauti yake haijatiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Nyimbo za Siti nazo zilikuwa kitabu, kwa mwenye sikio.

Nitajibiwa ya kwamba tungo zinazogusa moyo hazitoki vitabuni, hutoka katika maisha, na nitaonyeshwa shairi alilomwombolezea mkewe Amina. Ni kweli, hapana kitabu kilichomliza machozi yale. Lakini wajane na wagane ni wengi katika kila mtaa, na wote wamelia, na wengi wao walipenda kwa mapenzi yasiyopungua ya Shaaban Robert. Tofauti ni kwamba yeye, msiba ulipomfika, alikuwa na umbo la kuutilia, ubeti uliokwisha kutengenezwa na vizazi vya watu waliowazika wapenzi wao kabla yake. Kadhalika na tenzi mbili za mawaidha alizowaandikia wanawe, mmoja binti na mmoja mwana. Hawezi msomaji kuufungua ule wa binti asimkumbuke Mwana Kupona binti Msham, aliyemwusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Hapo mapenzi ya baba ni yake mwenyewe, lakini desturi ya mzazi kumwusia mtoto kwa vina ameirithi, na hakuirithi kwa damu.

Wala hakuwa peke yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika, lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na ukurasa huo ulifika mahali ambapo dau la Lamu halifiki. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi kame ya ng'ombe na mtama. Hata mwaka 1963 akatoa Utenzi wa Enjili Takatifu, akaimimina habari ya Yesu katika chombo kile kile ambacho watu wa pwani walikuwa wamekitumia kusimulia vita vya dini yao tangu Utenzi wa Herekali wa mwaka 1728. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali na Mvita kuliko watu wengi wanavyodhani, naye ndiye aliyetuandikia kanuni za kutunga katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, mwaka 1954. Watu watatu, Myao wa asili, Mgogo na mtu wa Ujiji, hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika miji ya tenzi, na ndio walioubeba ushairi wa bara katika zama zao. Hapo hoja ya damu na babu inakwisha.

Wenye kutetea upande wa pili wanayo hoja moja nzito, nami siwezi kuipita: Mvita. Muyaka bin Haji, aliyefariki kama mwaka 1840, hakutunga kwa kusoma diwani zilizochapwa, kwani hazikuwako. Mji wenyewe ulikuwa diwani yake, na tungo zake zilikaa vifuani mwa watu hata Mwalimu Sikujua bin Abdalla alipozikusanya na kumsaidia padri William Taylor kuziandika. Na katika siku zetu yupo Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946 na kulelewa na mzee Ahmad Basheikh, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi. Alipofungwa mwaka 1969 kwa waraka wake Kenya: Twendapi?, akiwa kijana wa miaka 22, alitiwa katika chumba cha peke yake bila vitabu na bila kalamu ya halali, naye kwa siri akaandika juu ya karatasi za chooni tungo zilizotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Je, huyu alisoma nini mle ndani?

Alisoma alichokuwa amekwisha kukihifadhi. Ninapofungua Sauti ya Dhiki nakuta bahari za ushairi zimepangwa kwa umahiri ambao mtu haupati kwa miaka mitatu ya upweke, na Kimvita kilichokomaa, chenye maneno ambayo hata wenzake wa rika walikuwa wameanza kuyasahau. Hiyo ni hazina iliyotiwa ndani kabla mlango haujafungwa, nyumbani kwa yule mzee, kwa sikio na kwa jicho. Serikali ilimnyang'anya vitabu ikiwa imechelewa. Kwa hiyo naufasiri usomaji kwa upana wake: kusikiliza kwa makini, kukariri, na kupimwa na mkubwa wako ni kusoma, ijapokuwa hapana karatasi. Walakini tuseme kweli, barza za kusikiliza na kukariri namna hiyo zimepungua. Mtoto wa leo wa Mombasa au Tanga hasikii utenzi ukisomwa nyumbani kama alivyosikia bibi yake, na simu aliyonayo mkononi ina mengi lakini haimpi Muyaka asipomwomba kwa jina. Nyumba ya sikio ikifungwa, hubaki nyumba ya kitabu, nayo ndiyo tuliyoiacha ikavuja.

Hata wale waliotaka kuzivunja kanuni walipita mlangoni humo. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyo na vina wala mizani, wahafidhina walimjia juu kana kwamba amekojoa msikitini; kumbe kijana huyo huyo, miaka miwili baadaye, aliitoa tasnifu yake ya shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Alijua anachokiacha. Baadhi ya wanaojiita wafuasi wake leo wameacha vina kwa sababu hawakupata kuvijua, na tofauti hiyo huonekana katika ubeti wa kwanza, au niseme katika mstari wa kwanza, maana beti wamezifuta.

Basi dai langu si kubwa, wala halihitaji tume. Vitabu vya Shaaban Robert, shukrani kwa wachapishaji wa Mkuki na Nyota, bado vyapatikana, na aliye na nia atavipata. Lakini diwani ya Muyaka aliyoihariri William Hichens ilichapwa Johannesburg mwaka 1940. Kazi kubwa ya Profesa Mohamed Abdulaziz juu ya malenga huyo, ya mwaka 1979, maelezo yake ni ya Kiingereza. Na mtunzi chipukizi wa Morogoro au Kigoma akitaka kuzisoma tungo za Mvita au utenzi wa Mwana Kupona kwa maelezo ya Kiswahili chepesi, kwa bei anayoimudu, ataambiwa aende chuo kikuu akaombe kibali cha kuingia maktaba. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) wanao wajuzi, mabaraza ya Kiswahili ya Tanzania na Zanzibar, BAKITA na BAKIZA, wanayo mamlaka, Kenya wanao wazee wa Lamu na Mombasa ambao bado wanaweza kusahihisha neno lililokosewa na makatibu wa zamani, na wote hawa hukutana katika makongamano kila mwaka. Watoe vijitabu vyembamba, karatasi hafifu, jalada la kawaida, kila kimoja na malenga mmoja, Muyaka, Mwana Kupona, Sayyid Abdalla bin Ali wa Al-Inkishafi, na maneno magumu yafafanuliwe chini ya ukurasa uleule badala ya kurundikwa nyuma ya kitabu ambako hakuna anayeyafuata. Viuzwe stendi za mabasi, pamoja na magazeti na kalenda, kwa bei isiyozidi ya sahani ya wali na maharage. Fedha za tuzo mbili tatu za mashairi zingetosha kuanzia, na sidhani kwamba washindi wa mwaka huo wangenung'unika wakilipwa nusu kwa fedha na nusu kwa Muyaka.